Usiniite Shujaa, Andika Jina Langu

Insha nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika ina jina la mtu mwingine. Simjui. Najua tu kwamba alikuwa mwanafunzi wa chuo fulani Marekani, kwamba alikuwa anasoma kozi ya historia ya roki na jazi, na kwamba alitaka kurasa nane kabla kwao hakujapambazuka. Mimi nilikuwa nimeacha chuo miezi minne kabla, karo imenishinda, nakaa chumba kimoja Kahawa West na wasee wawili na laptopu moja ya zamu. Akaunti ya kuandikia haikuwa yangu. Ilikuwa ya jamaa mmoja wa Roysambu, ambaye alikuwa analipwa kwa dola kisha anatutumia sisi shilingi 300 kwa kila ukurasa. Nane mara mia tatu ni elfu mbili na mia nne. Nikashukuru Mungu, nikaanza kuandika.

Mada ilikuwa wapiga gitaa wa kukodiwa, wale wanaoitwa studio kupiga kwenye nyimbo za watu wengine, wanalipwa, wanafunga gitaa kwenye mfuko na kurudi nyumbani. Bana, niliwasifu! Niliwaita mashujaa wa nyuma ya pazia. Nikasema unyenyekevu wao ndio ukuu wao. Nikamaliza na sentensi tamu kuhusu mizizi isiyoonekana inayolisha mti. Jamaa wa Roysambu akaniambia mteja amefurahi, amepata A.

Miaka mitatu imepita, na leo nimekuja kuikana ile insha. Tarehe zilikuwa sawa, majina yalikuwa sawa. Kilichooza ni zile sifa. Siku hizi naamini hakuna mshahara rahisi kulipa kama sifa. Na kila tunapomwita mtu shujaa wa nyuma ya pazia, mara nyingi tunachomwambia kwa adabu ni kwamba abaki huko huko nyuma.

Wacha nianze na mtu ambaye hakubaki huko.

Larry Carlton alizaliwa California mwaka 1948, akaanza kujifunza gitaa akiwa na miaka sita. Alikua akiwasikiliza wapigaji wa jazi kama Joe Pass na Wes Montgomery, na huku upande wa pili akimsikiliza B.B. King na blues zake. Kufikia miaka ya sabini, alikuwa miongoni mwa wapiga gitaa waliotafutwa zaidi katika studio za Los Angeles. Wasifu wake husema kuna miaka alipiga hadi vikao 500 vya kurekodi. Piga hesabu. Mwaka una siku 365. Huyu mtu alikuwa anaingia studio asubuhi kumpigia mwimbaji wa mapenzi, alasiri anampigia mtu wa roki, jioni muziki wa televisheni. Na wakati huo huo alikuwa ndani ya bendi ya jazi ya Crusaders. Yuko kwenye Court and Spark ya Joni Mitchell, ya mwaka 1974. Yuko kwenye Off the Wall ya Michael Jackson, ya mwaka 1979, kwenye ule wimbo wa huzuni unaoitwa She's Out of My Life. Inawezekana umemsikia maisha yako yote bila kujua.

Halafu kuna Steely Dan. Donald Fagen na Walter Becker walikuwa na tabia ya kukodi wapigaji kama vile tajiri anavyobadilisha mafundi wa nyumba: huyu kwa mlango, yule kwa dirisha, na yule mwingine arudi kwao. Mwaka 1976 walitoa albamu ya The Royal Scam, na wimbo wa kwanza ni Kid Charlemagne. Katikati ya ule wimbo inaingia solo ya Carlton. Sijui nikuelezee vipi kama hujaisikia. Inapita katikati ya kodi za jazi kama bodaboda inayopita kati ya malori mawili Mombasa Road, na hakuna kioo hata kimoja kinachoguswa. Carlton mwenyewe amesimulia kwamba alipiga kama saa mbili za solo ambazo hazikutumika, kisha akapata nusu ya kwanza, halafu akaunganisha nusu ya pili. Mwaka 2008 jarida la Rolling Stone liliuweka wimbo huo nambari 80 kati ya nyimbo 100 bora za gitaa za wakati wote.

Sasa swali langu. Mimi, mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, nimelelewa Vihiga, sijawahi kupanda ndege, nilijuaje kwamba mkono uliopiga ile solo ni wa Larry Carlton?

Nilijua kwa sababu iliandikwa.

Ni hivyo tu. Steely Dan walikuwa wanaandika majina ya wapigaji kwenye majalada yao. Kwenye albamu yao iliyofuata, Aja ya mwaka 1977, jalada linakuambia wimbo kwa wimbo nani amepiga nini. Mtu akinunua santuri, anaigeuza, anasoma. Prodyusa wa kule anasoma, anasema niitieni huyu. Kijana wa Tokyo anasoma, anaandika jina kwenye daftari. Mwaka 1977 Carlton akapata mkataba wake mwenyewe na Warner Bros, na mwaka uliofuata akatoa albamu yenye jina lake. Mike Post alipotoa muziki wa tamthilia ya polisi ya Hill Street Blues mwaka 1981, ilitajwa wazi kwamba Larry Carlton yumo, na tuzo ya Grammy iliyotokana nayo ikawa na majina yote mawili.

Mwaka 1988 alipigwa risasi shingoni nje ya studio yake na kijana asiyemjua. Risasi ikaharibu sauti na mishipa ya fahamu ya mkono. Kwa mpiga gitaa, hiyo ni kama moto kwa mwenye duka. Alijifunza upya, polepole, na mwaka 1989 akatoa albamu aliyoiita On Solid Ground. Miezi ile mkono wake ulipokuwa haufanyi kazi, jina lake lilikuwa linaendelea kufanya kazi kwenye majalada ya watu duniani kote. Mkono ulipopona, watu walikuwa wanajua wanamsubiri nani.

Katika ile insha yangu ya kurasa nane, nilieleza haya yote kwa neno moja: kipaji. Niliandika kipaji, kipaji, kipaji. Na hapo ndipo nilipodanganya. Kwa sababu kuna jiji lingine la Marekani lilikuwa na vipaji vya kutosha kumwaga, na mambo hayakwenda hivyo.

Twende Detroit. Ndani ya nyumba ya kawaida barabara ya West Grand Boulevard, kampuni ya Motown ilikuwa na studio ndogo ambayo wapigaji waliiita shimo la nyoka. Waliokuwa wanapiga mle walikuwa watu wa jazi, wanapiga kwenye vilabu usiku na kurekodi mchana. Walijiita Funk Brothers. Wapiga gitaa watatu walikaa pamoja: Robert White, Eddie Willis na Joe Messina. Kila mmoja alikuwa na nafasi yake, wakafungamana hadi magitaa matatu yakasikika kama mashine moja. Nyimbo za Supremes, za Temptations, za Four Tops, za Marvin Gaye, nyuma kabisa ni wao.

Unajua My Girl ya Temptations. Hata kama hujui unaijua, imepigwa kwenye kila harusi. Besi inaanza, halafu gitaa linapanda ngazi, noti moja moja, taratibu, na hata kabla mwimbaji hajafungua mdomo tayari umeshatabasamu. Yule ni Robert White. Wimbo ulitoka mwishoni mwa mwaka 1964, na mwaka 1965 ukawa nambari moja Marekani.

Jina la Robert White halikuwa popote. Motown haikuandika majina ya wapigaji. Miaka ilipita, nyimbo moja baada ya nyingine zikashika nambari moja, na majalada yakabaki na sura za waimbaji tu. Ilifika mwaka 1971, Marvin Gaye alipotoa What's Going On, ndipo wapigaji wale wakatajwa kwenye jalada la albamu kubwa ya kampuni. Mwaka uliofuata, 1972, Motown ikahamia Los Angeles, na ile bendi ya Detroit ikasambaratika.

Kuna kisa kinachosimuliwa kwenye filamu ya Standing in the Shadows of Motown, ya mwaka 2002. Robert White, tayari mzee, yuko mkahawani Los Angeles. Mhudumu anakuja kuchukua oda, na pale pale kwenye spika inaanza My Girl. White anafungua mdomo amwambie yule kijana: unasikia hilo gitaa? Halafu ananyamaza, anaagiza chakula. Baadaye anamwambia mwenzake kwamba aliogopa yule kijana angemwona mzee mjinga anayejitungia hadithi.

White alikufa mwaka 1994. Filamu ilikuwa bado miaka minane.

Katika ile insha nilikitumia hiki kisa kama mfano wa unyenyekevu. Naapa. Niliandika kwamba mzee alichagua kunyamaza kwa sababu muziki ulitosha. Nikiisoma leo nataka kutambaa chini ya meza. Mzee hakuwa mnyenyekevu pale. Alikosa ushahidi! Alijua kwamba neno lake dhidi ya kimya cha jalada lingeshindwa. Na sisi waandishi tunakuja baadaye, tunaokota ile aibu yake, tunaifuta vumbi, tunaiita fadhila.

Najua kuna mtu ananijibu tayari: kijana, hao watu walilipwa. Walikubaliana bei, wakapiga, wakachukua pesa. Fundi seremala akishatengeneza kiti, kila anayekalia humpelekea shilingi?

Hoja hii naiheshimu, kwa hivyo wacha niijibu vizuri. Kwanza, sisemi mpiga gitaa awe mwenye wimbo. Carlton hakuwa mwenye Kid Charlemagne na wala hakudai. Lakini angalia alilipwaje. Los Angeles ilikuwa na chama cha wanamuziki chenye meno. Kikao kilikuwa na saa zake, kwa kawaida tatu. Kilikuwa na bei yake ya chini ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kushuka chini yake. Kiongozi wa kikao alilipwa maradufu. Kulikuwa na fomu iliyojazwa: nani alikuwepo, tarehe gani, alipiga nini, na mchango wake wa pensheni. Wimbo ukichukuliwa baadaye kwenda kwenye filamu au tangazo, kuna malipo mengine, na ile fomu ndiyo inayosema yaende kwa nani. Mkataba wa namna hiyo hulipa saa, haulipi bahati. Zile saa mbili za solo zilizotupwa zilikuwa pia ni kazi.

Pili, kiti hakipigwi kwenye redio. Kiti kikikaliwa hakiuzi kiti kingine. Sauti iliyorekodiwa inauzwa tena na tena, na sheria za nchi nyingi zinalijua hilo. Hata Marekani, ambako mpaka leo redio za kawaida haziwalipi wapigaji chochote, sheria ya muziki wa kidijitali, ule wa redio za mtandao na za setilaiti, inatenga asilimia 5 ya mirabaha kwa wapigaji na waimbaji ambao si wenye wimbo. Nusu kwa wapigaji, nusu kwa waimbaji. Ni kidogo. Lakini hicho kidogo kinagawanywa kwa kutafuta majina. Kama jina lako halipo kwenye karatasi yoyote, hata hicho kidogo kinakupita.

Tatu, kuna mstari mwembamba sana kati ya kupiga na kutunga. Mwaka 1973 Pink Floyd walimwita mwimbaji wa kukodiwa, Clare Torry, aje Jumapili aimbe juu ya wimbo ambao haukuwa na maneno. Hakuandikiwa kitu. Alifungua mdomo akatoa kile kilio unachokijua kwenye The Great Gig in the Sky. Alilipwa pauni 30. Zaidi ya miaka thelathini baadaye akaenda mahakamani, na mwaka 2005 wakaelewana nje ya mahakama. Tangu hapo ametajwa kama mmoja wa watunzi wa wimbo huo. Walijua siku ile ile kwamba alichofanya ni zaidi ya pauni 30? Mimi nadhani walijua.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuanza kuyaandika haya kwa ajili ya Detroit.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, alipiga gitaa River Road miaka ya themanini. Siyo jukwaani sana, zaidi studio. Ukiwa na wimbo na huna mpiga solo, unaulizia, unaambiwa mtafute yule Mluhya mrefu. Anakuja, anakusikiliza mara moja, anauliza ni kodi gani, anapiga. Anapewa pesa ya siku hiyo, chai na mandazi, na nauli. Nyumbani kwake kuna kaseti kumi na moja ambazo yumo. Nimezishika zote. Kila jalada lina picha ya mwimbaji, jina la mwimbaji, na anwani ya sanduku la posta ya duka. Jina la Mjomba halipo hata kwenye moja.

Wimbo mmoja kati ya hizo kumi na moja bado unapigwa. Nimeusikia kwenye matatu ya kwenda Mbale, nimeusikia kwenye redio za kijiji asubuhi, na juzi nimeuona mtandaoni, mtu ameupakia na umetazamwa na watu zaidi ya laki nne. Chini yake watu wanaandikiana: hilo gitaa! Yule wa gitaa ni nani? Mmoja anajibu kwamba ni mwimbaji mwenyewe. Wengine wanakubali.

Mwaka jana nikamwambia Mjomba twende ofisini, kuna mirabaha ya watumbuizaji. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mtumbuizaji, haimwachi mtunzi peke yake. Tukapanda gari alfajiri mpaka Nairobi, amevaa koti la Jumapili, gitaa begani. Nilimuuliza gitaa la nini. Akasema, "Watataka kujua."

Dada wa mapokezi alikuwa mpole. Akamuuliza, "Mzee, uko na nini kinaonyesha ni wewe ulipiga?" Mkataba? Risiti? Barua? Jina kwenye kaseti? Mjomba akatoa gitaa, akakaa kwenye benchi la wageni, akapiga ile solo yote kuanzia mwanzo. Mkono umezeeka kidogo lakini haukukosa noti hata moja. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakapiga makofi. Dada naye akapiga makofi. Halafu akasema, kwa heshima kabisa, "Mzee wangu, nimefurahi sana. Lakini hata mimi nikifunzwa naweza kupiga hivyo. Nahitaji karatasi."

Nilitaka kukasirika naye na nikashindwa. Alikuwa anasema ukweli. Angekubali kila mtu anayejua kupiga solo ya mtu, ile ofisi ingejaa mpaka barabarani. Kosa lilifanyika miaka arobaini kabla, siku ambayo studio nzima iliona ni sawa kumpa mtu chai na mandazi bila kuandika jina lake popote.

Na hili halikuanza na Mjomba. Miaka ya sitini Nairobi ilikuwa na Equator Sound Studios ya Charles Worrod, na studio ilikuwa na bendi yake ya ndani, Equator Sound Band, kina Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Hawa tunawajua kwa sababu kila mmoja wao pia aliimba, akatoa nyimbo kwa jina lake. Kabaka alitunga Helule Helule, na mwaka 1968 bendi ya Uingereza, The Tremeloes, ikaurudia ukapendwa kule. Kuhusu Malaika, tumebishana miongo mizima ni nani hasa aliutunga, na mpaka leo ukitaka kuvuruga meza ya wazee wa muziki, uliza hilo swali. Lakini umewahi kusikia meza ikivurugika kwa sababu ya nani alipiga gitaa kwenye wimbo wowote? Mimi sijawahi. Mtunzi tunamgombania. Mpigaji hatumkumbuki hata kumgombania.

Na siku hizi ndio tumezidi. Kaseti angalau ilikuwa na karatasi ndani, hata kama haikutumika. Sasa wimbo unatoka kama namba na picha kwenye simu. Fungua video yoyote mpya ya Kenya, ya injili, ya mapenzi, ya vijana. Soma maelezo ya chini. Utaona jina la aliyepiga picha, aliyehariri, aliyetengeneza nguo, aliyesuka nywele, na namba ya simu ya kupata mwimbaji kwa shoo. Nywele zina jina! Gitaa halina. Prodyusa akiulizwa anasema, "Ah, yule ni kijana wetu tu." Kijana wetu tu. Hiyo ndiyo lugha. Na kijana mwenyewe ameambiwa ashukuru amepata jukwaa, kazi nyingine zitakuja. Zitamfikiaje, kama hakuna anayejua anaitwa nani?

Watu wengine wataniambia Kenya hakuna pesa kwenye muziki, kwa hivyo tunagombania hewa. Sawa. Tuseme hakuna pesa. Basi jina litakushinda nini? Kuandika jina hakugharimu hata bando la shilingi ishirini. Ukiona kitu ambacho ni cha bure na bado mtu anakataa kukutolea, jua anajua kwamba kesho kitakuwa na bei.

Najua pia kuna wapigaji wanaopenda kivuli. Wapo, na ni haki yao. Mtu anataka kupiga, kulipwa vizuri, na kwenda kulea watoto wake bila kupigiwa kelele barabarani. Los Angeles walikuwepo wengi wa hivyo. Tommy Tedesco alipiga gitaa kwenye filamu, tamthilia na santuri zisizohesabika, na mtu wa kawaida hakumjua. Lakini aliishi kwa ile kazi, kwa bei ya chama. Mwanawe, Denny, alipotengeneza filamu kuhusu baba yake na wenzake wa Wrecking Crew, ilionyeshwa kwenye matamasha kuanzia mwaka 2008 lakini ikasubiri mpaka 2015 kutoka rasmi, sehemu kubwa ni kwa sababu ya gharama za kulipia nyimbo. Ona hiyo: filamu ya waliopiga zile nyimbo ilikwama kwa kulipia zile nyimbo. Kivuli cha kuchagua, chenye mshahara na pensheni, hicho sina shida nacho. Mimi nazungumzia kivuli ambacho mtu anasukumwa ndani kisha anaimbiwa sifa akiwa humo.

Kwa hivyo wacha niseme ninachotaka, nisije nikaonekana mlalamishi tu.

Nataka kabla gitaa halijachomekwa, kuwe na karatasi moja. Haihitaji wakili. Jina la wimbo, tarehe, majina ya wote waliopiga na walichopiga, pesa waliyolipwa, na mstari mmoja wa kusema wimbo ukienda kwenye tangazo au filamu wataongezwa nini. Kila mtu atie sahihi, kila mtu apige picha kwa simu yake. Nataka maelezo ya chini ya video yawe na mpiga gitaa, mpiga besi, mpiga ngoma, waitikiaji. Nataka watangazaji wa redio wakitaja wimbo, mara moja kwa wiki wataje pia mpigaji. Nataka wapigaji wenyewe waache kuona haya kuulizia. Wewe unayesoma hii na ulipiga kwenye wimbo wa mtu mwezi uliopita, mpigie leo. Usingoje kuzeeka ndio ubebe gitaa mpaka ofisini.

Na mimi? Niliacha kuandikia watu insha mwaka jana, wiki ile ile tuliyotoka Nairobi. Siwezi kudai Mjomba aandikwe huku nikiuza jina langu shilingi 300 kwa ukurasa. Imeniuma mfukoni, sitadanganya. Kodi ya mwezi wa pili niliilipa wa tatu. Lakini makala hii ina jina langu juu, na kama ni mbaya, lawama ni zangu pia.

Mwezi uliopita kwaya moja ya huko nyumbani ilimwita Mjomba apige solo kwenye wimbo wao mpya. Nikamwandikia ile karatasi kwenye daftari la mpwa wangu, mistari minane. Prodyusa, kijana wa rika langu, akaisoma akacheka, akasema, "Kwani mzee ananishtaki?" Mjomba akamwambia, "Weka sahihi kwanza, nitapiga." Akaweka.

Wimbo umetoka Jumamosi. Nimefungua maelezo: kuna jina la kwaya, la mchungaji, la mpiga picha, la duka lililoshona sare. Mjomba hayumo. Nimempigia prodyusa mara mbili, mara ya kwanza akasema atarekebisha, mara ya pili hakushika. Karatasi ninayo hapa kwenye simu, na sahihi yake iko chini. Kesho asubuhi napiga tena.